Kamba Haikukatika

Lala chini, Thuwaini. Tandika hilo boksi la friji,
sakafu ya Bidiya saa nne asubuhi haina adabu.
Mama yako kanipigia simu jana
kwa Kiswahili chake cha Mkunazini, cha mbio mbio:
"Mtoto kanunua gari la mchangani, mtazame."
Basi nakutazama. Washa tochi.
Bei baadaye. Kwanza uliza:
gari hili likizama, litashikwa wapi kwa nyuma?

Hii pete nyembamba chini ya bampa ni ya melini.
Walilifungia gari lisiteleze na mawimbi
mpaka bandari ya Sohar.
Imemaliza kazi yake, iache istaafu.

Hii nyingine ilipakwa rangi nyekundu.
Nyekundu si nguvu. Kuna mtu kaichomelea kwa haraka,
chuma kimefurika ukingoni kama uji.
Igonge kwa spana. Umesikia?
Inaitika kwa pua.

Na hii gololi ya tela.
Mviringo, inang'aa, ipo karibu,
mkono wa mtu aliyechoka unaipenda.
Usiivishe kamba hata siku moja.

Nyanyuka. Fungua droo ya pili, chini ya risiti.
Ndiyo, hiyo. Nzito, eh?
Ilikuwa ya gari la Hamdun wa Al-Wasil.
Ijumaa moja lililala tumbo juu ya tuta,
magurudumu manne yakipiga makasia hewani.
Tukageuziana migongo, gari lake na langu,
nikasema bismillahi, nikakanyaga mafuta.

Wahenga wanasema kamba hukatikia pembamba.
Yetu haikukatika.
Ilikuwa mpya, nene, ya kuvutika;
ilinyooka, ikarefuka, ikaweka hasira yote tumboni,
na kilichokatika ni shingo ya chuma.
Kamba ikarudi na gololi yake
kama kombeo linalomjua mwenyewe.

Kioo cha nyuma.
Kiegemeo cha kichwa, kiti cha kulia.
Redio.

Ilikuwa ikitaja bei ya tende. Ikanyamaza.
Kiti cha kulia ni cha ndugu yangu Muhsin.
Alishuka kufuata chupa ya kahawa
aliyoisahau kule tulikofutia upepo wa matairi.
Akatokea juu ya tuta, chupa kwapani,
akaniuliza mbona nimezima redio.

Haya, rudi chini.
Fuata chesisi, huu ubavu mkuu, kwa kidole.
Hapa. Matundu mawili yametoka nayo kiwandani.
Hapa tutafunga kishikio chenye uzito wake
uliogongwa chumani, si ulioandikwa kwa kalamu,
na boliti za daraja lake, si zile za kitanda cha bibi yako.
Ukiweka bomba la mraba, tia kizibo chake chenye shakeli.
Usipitishe kamba kwenye pini tupu:
itapinda, na Jumamosi utanijia na nyundo na aibu.

Na huko jangwani, sepetu kwanza.
Toa mchanga chini ya tumbo, punguza upepo tena,
tena kidogo. Kamba ni neno la mwisho.
Ilaze blanketi zito mgongoni.
Hesabu watu. Wapeleke mbali, pembeni,
hata yule anayepiga picha,
yule hasa.

Unacheka. Muhsin naye hucheka akisimulia,
ila miaka tisa sasa anakaa kiti cha nyuma
na kusema huko kuna upepo mzuri.
Hamdun alilipa kioo. Redio sikuibadilisha,
shimo lile natia humo kalamu.

Kishikio na boliti, riali kumi na nane.
Kazi ya mkono, mwambie mama yako alete mandazi.
Irudishe gololi kwenye droo.
Hapana, si juu.
Chini ya risiti.